Kukadiria Hali ya Mchakato kwa Vipimo vya Kasi Tofauti na Vinavyochelewa

Katika tangi la uchachushaji, kihisi cha halijoto hutoa thamani mpya kila sekunde, kihisi cha pH hutoa yake kila baada ya sekunde chache, na kichanganuzi cha gesi itokayo juu ya tangi huleta jibu kila baada ya dakika kadhaa. Ukolezi wa sukari, ambao ndio hasa mwendeshaji wa mtambo anautaka, haujulikani kwa njia hiyo ya haraka: sharti mtu achukue sampuli, aipeleke maabara, kisha asubiri, na jibu linapofika, tangi halipo tena pale lilipokuwa sampuli ilipochotwa. Hali kama hii hukutwa pia kwenye minara ya kunereka mafuta, kwenye mitambo ya polima na kwenye usafishaji wa majitaka. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuviunganisha vipimo hivyo vyote katika kadirio moja la hali ya mchakato, yaani thamani za vigeu vyake kama ukolezi na halijoto kwa wakati fulani, kwa kutumia kichujio cha Kalman, hesabu inayoitabiri hali kwa modeli kisha kuirekebisha kila kipimo kinapopatikana, ambacho Rudolf Kalman alikichapisha mwaka 1960 na ambacho hadi leo ndicho mahali pazuri pa kuanzia. Msomaji anatarajiwa kuwa anafahamu matriksi na dhana ya variansi, mengine yataelezwa.

Kabla ya hesabu yoyote, kuna jambo moja ambalo likikosewa hakuna hesabu itakayoliokoa. Jibu la maabara lililofika saa 4:40 asubuhi si habari ya saa 4:40. Ni habari ya saa 4:00, wakati sampuli ilipochotwa, na dakika 40 zilizopita kati yake hazijaligeuza kuwa habari mbaya. Zimelifanya tu kuwa habari ya zamani. Kazi yote inayofuata ni kukiweka kila kipimo katika wakati wake halisi, kisha kuiachia modeli ya mchakato ifikishe maana yake hadi sasa.

Nyakati mbili kwa kila kipimo

Anza na hifadhidata, si na kichujio. Kila kipimo kinapaswa kuandikwa pamoja na mihuri miwili ya muda: wakati ambao kipimo kinauhusu, yaani pale sampuli ilipotoka kwenye mchakato, na wakati ambao thamani yake iliufikia mfumo wa ukadiriaji. Mifumo mingi ya kutunza data za mitambo huandika muhuri mmoja tu, na mara nyingi muhuri huo ni wa pili, kwa sababu ndio unaopatikana kwa urahisi mtaalamu wa maabara anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi. Ikibidi, ongeza sehemu katika fomu ya maabara ambayo mchukuaji sampuli ataijaza akiwa bado mbele ya bomba. Ni kazi ya kuchosha, na katika uzoefu wangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko uboreshaji wowote wa kihesabu.

Hakikisha pia kwamba saa zote zinakubaliana. Kompyuta ya maabara inayotangulia saa ya mtambo kwa dakika saba itazalisha kosa ambalo litafanana kabisa na modeli mbovu, na mtu anaweza kutumia wiki nzima akirekebisha vigezo vya mmenyuko ilhali kilichohitaji kurekebishwa ni saa. Andika nyakati zote kwa saa moja ya marejeo, isiyobadilika kwa majira, na uzisawazishe kompyuta kupitia mtandao.

Modeli yenye hatua za muda zisizolingana

Kichujio kinahitaji modeli inayosema hali itasogeaje kutoka wakati mmoja hadi mwingine. Kwa mfumo wa mstari, hali x katika hatua inayofuata ni Φx pamoja na athari ya pembejeo zinazojulikana na kelele ya mchakato ambayo kovariansi yake, yaani matriksi ya variansi za vigeu na uhusiano baina yao, ni Q. Jambo linalosahaulika ni kwamba vipimo vya kasi tofauti havifiki kwa vipindi sawa, hivyo Φ na Q lazima zihesabiwe upya kwa kila kipindi Δt. Ikiwa mlinganyo wa mchakato katika muda endelevu una matriksi A, basi Φ ni eksponenti ya matriksi AΔt. Na Q nayo hukua kadiri Δt inavyokua. Kwa hali inayotangatanga bila mwelekeo, Q ni sawia na Δt: ikiwa variansi huongezeka kwa 0.04 katika dakika 10, huongezeka kwa 0.004 katika dakika 1. Anayetumia Q ileile kwa hatua ya sekunde moja na kwa hatua ya dakika kumi anakuwa amekiambia kichujio mambo mawili yanayopingana kuhusu mchakato uleule. Kwa mifumo mikubwa zaidi, njia iliyochapishwa na Charles Van Loan mwaka 1978 hutoa Φ na Q kwa pamoja kutokana na eksponenti moja ya matriksi, na inafaa kuipendelea kuliko makadirio ya mkato.

Vipimo vya kasi tofauti, bila kuchelewa

Tuseme kwanza kwamba hakuna kinachochelewa. Hapo jambo ni jepesi kuliko linavyoonekana: katika kila wakati ambapo kipimo chochote kipo, tabiri hali hadi wakati huo, kisha rekebisha kwa kutumia mistari ile tu ya matriksi ya kipimo H, inayoeleza kila kihisi kinaona nini katika hali, inayohusu vihisi vilivyotoa thamani. Halijoto imefika peke yake? Tumia mstari wa halijoto pekee. Halijoto na pH zimefika pamoja? Tumia mistari miwili. Hakuna kilichofika? Tabiri tu, na uache kovariansi ikue, kwa sababu kukua huko ni ungamo la haki la kichujio kwamba kinazidi kutokuwa na hakika.

Kosa linalofanywa mara nyingi hapa ni kuishikilia thamani ya mwisho ya maabara na kuilisha kichujio tena na tena hadi nyingine ifike, ili kila hatua iwe na safu kamili ya vipimo. Mpango huo unapendeza kwa mpangaji wa programu, lakini unakidanganya kichujio. Tuseme kipimo cha maabara kina variansi ya kelele R = 0.25, na kinafika kila baada ya saa 4, huku kichujio kikipiga hatua kila dakika. Thamani hiyo moja itarudiwa mara 240, na kichujio, kikidhani kwamba kila mara ni ushahidi mpya, kitaichukulia kana kwamba variansi yake ni 0.25 gawanya kwa 240, yaani takriban 0.001. Matokeo yake ni kadirio linalogoma kusogea, likiwa limejaa imani katika thamani iliyokwisha kupitwa na wakati.

Kuchelewa, kwa mfano wa namba

Sasa tuingize uchelewaji, na tufanye hesabu ndogo ambayo mtu anaweza kuihakiki kwa kalamu. Hali ni moja: ukolezi, kwa gramu kwa lita. Modeli inasema ukolezi unapanda kwa 0.5 kila dakika 10, na variansi ya kelele ya mchakato ni 0.04 kwa kila hatua ya dakika 10. Saa 4:00 asubuhi kadirio letu ni 20.0 na variansi yake ni 1.0, wakati huohuo sampuli inachotwa. Saa 4:40 jibu la maabara linafika: 18.8, kwa variansi ya kelele 0.25. Katika dakika hizo 40 kichujio kimepiga hatua nne, kadirio limefika 22.0 na variansi imefika 1.16.

Njia potofu ni kulichukua 18.8 kama kipimo cha saa 4:40. Salio, yaani tofauti kati ya kipimo na utabiri, linakuwa −3.2, uzito wa Kalman, yaani sehemu ya salio inayoongezwa kwenye kadirio, ni variansi ya utabiri gawanya kwa jumla yake na variansi ya kelele, 1.16 gawanya kwa 1.41, yaani 0.823, kadirio jipya linashuka hadi 19.37, na variansi yake hadi 0.206.

Njia sahihi ni kulilinganisha 18.8 na kile kichujio kilichoamini saa 4:00. Salio ni −1.2; uzito ni 1.0 gawanya kwa 1.25, yaani 0.8, kadirio la saa 4:00 linarekebishwa kuwa 19.04, kwa variansi ya 0.2. Tukilipeleka mbele kwa hatua nne tunapata 21.04, na variansi ya 0.36.

Tazama mambo mawili katika namba hizi. La kwanza ni dhahiri: njia potofu imekosea kwa takriban gramu 1.67 kwa lita, kwa sababu imeyasahau mabadiliko yote ya dakika 40. La pili ndilo la hatari zaidi. Njia potofu inadai variansi ya 0.206, ndogo kuliko 0.36 ya njia sahihi. Yaani imekosea zaidi na papo hapo inajiamini zaidi. Kichujio cha namna hiyo kitavipuuza vipimo vya haraka ambavyo vingeweza kukirudisha njiani.

Kurudi nyuma na kupitia upya

Njia ya kwanza ya kutekeleza hesabu sahihi ndiyo niliyoitumia katika mfano: rudi kwenye wakati wa sampuli, rekebisha, kisha pitia upya kila kilichotokea tangu hapo. Ili iwezekane, mfumo unapaswa kutunza bafa ya historia ambayo ndani yake mna, kwa kila wakati, kadirio la hali, kovariansi yake, pembejeo zilizotumika na vipimo vyote vilivyofika, vikiwa vimepangwa kwa wakati wa sampuli na si kwa wakati wa kuwasili. Kipimo cha zamani kinapofika, kiingize mahali pake katika mpangilio huo, chukua kadirio lililohifadhiwa mara tu kabla yake, na uendeshe kichujio kutoka hapo hadi sasa kwa kutumia vipimo vyote vya haraka vilivyomo kwenye bafa.

Wengi huiogopa njia hii kwa sababu inaonekana kuwa na gharama kubwa. Tuhesabu. Dakika 40 kwa hatua za sekunde moja ni hatua 2,400. Ikiwa hali ina vigeu vinne, kila hatua inatunza namba 4 za kadirio na 16 za kovariansi, jumla namba 48,000 kwa bafa nzima. Kwa baiti 8 kila moja, hiyo ni chini ya nusu megabaiti. Kuzidisha matriksi za nne kwa nne mara elfu chache ni kazi ndogo sana kwa kompyuta ya kawaida ya mtambo. Palipo na kidhibiti kidogo chenye kumbukumbu finyu, hifadhi kadirio na kovariansi mara moja tu kwa dakika, na uanze kupitia upya kutoka kwenye kituo kilicho karibu kabla ya sampuli. Vipimo na pembejeo tu ndivyo vinavyohitaji kutunzwa kwa kila sekunde.

Njia hii ina faida mbili nyingine. Sampuli mbili zikibadilishana zamu, ile ya saa 2:00 ikafika baada ya ile ya saa 3:00, hakuna sheria mpya inayohitajika: kila moja huingia mahali pake. Na iwapo mchakato si wa mstari, kama ilivyo michakato mingi ya kikemikali, kupitia upya kunakipa kichujio cha Kalman kilichopanuliwa, ambacho huukaribisha mchakato kwa mistari iliyonyooka kuzunguka kadirio, nafasi ya kuikokotoa upya mistari hiyo katika kadirio lililosahihishwa badala ya lile la zamani lenye kosa. Kwa sababu hizo, pale ambapo kumbukumbu na muda wa kompyuta vinaruhusu, mimi huchagua kurudi nyuma bila kusita. Ni hesabu ambayo hata mtu atakayeurithi mfumo baada ya miaka mitano ataielewa.

Tahadhari moja: unapopitia upya maelfu ya hatua mara kwa mara, makosa madogo ya kukadiria desimali hujilimbikiza katika kovariansi, na inaweza kupoteza ulinganifu wake au hata kutoa variansi hasi. Tumia umbo la Joseph katika hatua ya marekebisho, ambapo P mpya ni (I − KH)P(I − KH)ᵀ + KRKᵀ, badala ya umbo fupi la (I − KH)P; hapa P ni kovariansi ya kadirio, K ni uzito wa Kalman, na I ni matriksi ya utambulisho.

Nakala ya hali

Njia ya pili hairudi nyuma kabisa. Wakati sampuli inapochotwa, kichujio kinaitengenezea hali nakala, na kuanzia hapo kinabeba hali ya sasa na nakala hiyo pamoja. Nakala haisogei kwa utabiri, kwa kuwa ni hali ya saa 4:00 na itabaki hivyo. Kinachobadilika ni uhusiano wa kitakwimu kati yake na hali ya sasa.

Tuite P kovariansi ya hali ya sasa, G kovariansi ya nakala, na C kovariansi baina ya hizo mbili. Wakati wa kuchota sampuli, C na G zote ni sawa na P. Kwa kila utabiri, P inakuwa ΦPΦᵀ + Q, C inakuwa ΦC, na G inabaki ilivyo. Kwa kila kipimo cha haraka chenye matriksi H na kovariansi ya salio S, hali ya sasa inarekebishwa kama kawaida kwa uzito PHᵀS⁻¹, na nakala nayo inarekebishwa kwa uzito CᵀHᵀS⁻¹, maana kipimo cha sasa kinafichua kidogo kuhusu zamani pia. Kwa kutumia C ya kabla ya marekebisho, G inapungua kwa CᵀHᵀS⁻¹HC, na C inapungua kwa PHᵀS⁻¹HC. Jibu la maabara linapofika, likiwa na matriksi ya kipimo M, salio huhesabiwa dhidi ya nakala, na hali ya sasa inarekebishwa kwa uzito CMᵀ(MGMᵀ + R)⁻¹.

Katika mfano wetu, ambao haukuwa na vipimo vya haraka katikati, Φ ni 1 na hivyo C inabaki 1.0 na G inabaki 1.0. Uzito kwa hali ya sasa ni 1.0 gawanya kwa 1.25, yaani 0.8; marekebisho ni −0.96; kadirio la 22.0 linakuwa 21.04, na variansi ya 1.16 inapungua kwa 0.8 hadi 0.36. Ni majibu yaleyale ya kurudi nyuma, kama inavyopasa, kwani kwa mfumo wa mstari njia hizi mbili ni kitu kimoja kilichoandikwa kwa namna mbili.

Nakala inafaa palipo na kumbukumbu ndogo na sampuli chache njiani kwa wakati mmoja. Sampuli tatu zikiwa maabara kwa pamoja zinadai nakala tatu, na matriksi inakua ipasavyo. Sharti jingine ni kwamba mfumo ujue papo hapo kuwa sampuli imechotwa. Ukiambiwa baadaye, nafasi ya kutengeneza nakala imekwisha kupita, na ni bafa pekee itakayokusaidia. Lisilofaa kwa ujumla ni jaribio la tatu ambalo wengi hulifikia wenyewe: kukichukua kipimo cha zamani, kukiongezea mabadiliko ambayo modeli inasema yametokea tangu hapo, kisha kukitumia kama kipimo cha sasa kwa R ileile. Kadirio litakuwa karibu na ukweli kuliko katika njia potofu, lakini kelele ya mchakato iliyoingia katika dakika hizo, na uhusiano wake na kosa la kadirio, vinakuwa vimesahauliwa, na variansi itakayotoka si ya kuaminika.

Kinachofanywa hasa na kipimo cha polepole

Ni rahisi kudhani kwamba kipimo kinachofika kila baada ya saa nne hakiwezi kuwa na uzito mbele ya kile kinachofika kila sekunde. Kwa kawaida ni kinyume. Vihisi vya haraka husema vizuri jinsi hali inavyobadilika, lakini vina mwegamo: kihisi cha pH huhama taratibu, kipimo cha mwanga hufunikwa na utando, na kichanganuzi cha gesi hupoteza ulinganisho wake. Uongeze mwegamo huo kwenye hali, uwe kigeu b kinachotangatanga polepole, na kipimo cha haraka kiandikwe kuwa x + b pamoja na kelele.

Hapo swali la uonekanaji linajitokeza, yaani iwapo vipimo vilivyopo vinatosha kukijua kila kigeu cha hali. Ikiwa x na b zote zinatangatanga, kihisi cha haraka peke yake kinafichua jumla yake tu; kinaweza kuijua jumla hiyo kwa usahihi mkubwa bila kujua kamwe ni kiasi gani cha x na ni kiasi gani cha b. Kipimo cha maabara, kinachoiona x pekee, ndicho kinachozitenganisha. Kwa hiyo, kati ya sampuli moja na nyingine, variansi ya jumla inabaki ndogo huku variansi ya x na ya b kila moja kivyake zikikua, na kila jibu la maabara linazibana tena. Kabla ya kuongeza kigeu chochote kwenye hali, pima cheo cha matriksi ya uonekanaji (inayopangwa kwa H, HΦ, HΦ² na kuendelea; cheo chake kikilingana na idadi ya vigeu, vyote vinaonekana) pamoja na vipimo vya polepole na bila hivyo, ili ujue ni lipi hasa ambalo maabara pekee inakupa.

Ziko hali ambapo kuchelewa ni kukubwa kiasi kwamba kipimo hakisaidii kabisa kuijua hali ya sasa. Mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia katika majitaka, kwa jaribio la kawaida, huchukua siku 5. Maji yale yamekwisha kupita mtamboni zamani. Kipimo hicho kisitupwe. Kinafaa kurekebisha vigezo vinavyobadilika polepole, kama kasi ya ukuaji wa bakteria au mwegamo wa kihisi, ambavyo kumbukumbu yake ni ndefu kuliko siku hizo.

Kuchelewa ambako si kuchelewa tu

Si kila tofauti ya wakati ni ya namna moja, na kila moja ina tiba yake. Sampuli inayosafiri kwenye bomba la urefu wa mita 30 kwa kasi ya mita 0.5 kwa sekunde inachelewa kwa sekunde 60. Mtiririko ukipungua kwa nusu, inachelewa kwa sekunde 120. Usiweke namba moja katika usanidi; hesabu uchelewaji kutokana na mtiririko uliopimwa.

Kipimajoto kilichomo ndani ya ala ya chuma hakichelewi kwa maana hiyo. Kinafuata halijoto ya kweli kwa kujikokota: kwa muda wa tabia wa sekunde 30, baada ya badiliko la ghafla kinakuwa kimefikia takriban asilimia 63 ya badiliko hilo katika sekunde 30 za kwanza. Kuondoa sekunde 30 kwenye muhuri wake wa muda ni kosa. Ongeza halijoto ya kipimajoto kama kigeu cha hali chenye mlinganyo wake wa mpangilio wa kwanza, na kipimo kiwe ni cha kigeu hicho.

Sampuli iliyokusanywa tone kwa tone kwa saa nzima haina wakati mmoja; inauhusu wastani wa saa hiyo. Ongeza kigeu kinachojumlisha ukolezi kwa muda, kirudishe sifuri mwanzoni mwa kila saa pamoja na safu na mistari yake katika kovariansi, na kipimo kiwe jumla hiyo gawanya kwa urefu wa kipindi.

Na wakati wa sampuli wenyewe unaweza kuwa na shaka, hasa pale ambapo mtu huandika «saa 4» kwa maana ya wakati wowote kati ya saa 4 kasorobo na saa 4 na robo. Shaka hiyo inageuka kuwa kelele ya kipimo kwa kadiri ya kasi ya mabadiliko. Katika mfano wetu ukolezi unapanda kwa 0.05 kila dakika. Ikiwa mkengeuko sanifu wa wakati ni dakika 10, kosa linalotokana nao lina mkengeuko sanifu wa 0.5, na variansi ya 0.25, sawa kabisa na kelele yote ya maabara. R inapaswa kuongezwa maradufu, kutoka 0.25 hadi 0.5. Mchakato ukiwa umetulia, shaka hiyohiyo haigharimu kitu, kwa hiyo R nayo ibadilike kulingana na mteremko wa kadirio.

Kukikagua kichujio

Kagua masalio ya kila kihisi kivyake, wala usiyachanganye, maana mamilioni ya masalio ya halijoto yatayameza yale machache ya maabara. Kwa kipimo kimoja kimoja, gawanya mraba wa salio kwa variansi yake iliyotabiriwa: wastani wa matokeo uwe karibu na 1, na takriban asilimia 95 yake yawe chini ya 3.84, kwa mujibu wa mgawanyo wa kai mraba wenye digrii moja ya uhuru. Wastani ukiwa 3 au 4, kichujio kinajiamini kupita kiasi, na Q au R ni ndogo mno.

Uchelewaji uliokosewa huacha alama yake mahsusi, ambayo ni vyema kuizoea. Chora masalio ya maabara dhidi ya mteremko wa kadirio katika wakati wa sampuli. Ikiwa masalio ni hasi wakati hali inapanda na chanya inaposhuka, muhuri wa muda unaotumika uko mbele ya wakati wa kweli wa sampuli, na mwinuko wa mstari unaopita katikati ya nukta hizo, ukibadilishiwa alama, ni kadirio zuri la dakika zilizosahauliwa. Mwegamo wa kihisi hautoi picha hiyo. Hutoa masalio ya upande mmoja bila kujali mteremko.

Jibu la maabara lililo mbali mno na utabiri lisiingizwe bila kuulizwa, lakini pia lisifutwe. Liweke pembeni pamoja na muhuri wake. Ikiwa jibu linalofuata litaliunga mkono, bafa inaruhusu kulirudisha mahali pake na kupitia upya, jambo ambalo kichujio kisicho na historia hakiwezi.

Kadirio linaloruka

Kadirio likianza kumlisha kidhibiti, mwendeshaji ataona jambo ambalo halikuwepo: kila jibu la maabara linapofika, mstari wa ukolezi unaruka, na vali inaruka nao. Kishawishi ni kuulainisha mstari wa kadirio kwa wastani wa dakika kadhaa. Usifanye hivyo, kwa kuwa utakuwa umeongeza uchelewaji mpya baada ya kazi yote ya kuondoa ule wa zamani. Weka kikomo cha kasi ya mabadiliko kwenye kidhibiti, si kwenye kadirio, na umwonyeshe mwendeshaji mkanda wa mikengeuko sanifu miwili kuzunguka mstari. Mruko unaobaki ndani ya mkanda ni wa kawaida, na unaoutoka unahitaji maelezo.

Hifadhi historia mbili: kadirio kama lilivyojulikana wakati ule, na kadirio kama linavyojulikana sasa baada ya marekebisho yote. Ya kwanza inahitajika siku itakapoulizwa kwa nini vali ilifunguliwa saa 4:35, na ya pili ndiyo itumike katika kurekebisha vigezo vya modeli, ikiwezekana baada ya kupitishwa kwenye kilainishi cha Rauch, Tung na Striebel cha mwaka 1965, ambacho hutumia vipimo vya baadaye kuyasahihisha makadirio ya nyuma.